Walsi Namba Thelathini na Nne

Kwa miaka kumi na tisa Nerida Scadden alikaa kwenye kiti cha jikoni nyuma ya pazia la kushoto la Ukumbi wa Burdinup, mji wetu mdogo wa ngano, taa ndogo imebanwa kwenye daftari, akiwanong'oneza watu maneno ambayo walipaswa kuyajua wenyewe. Kazi hiyo huitwa ukumbushaji. Mkumbushaji haonekani, hapigiwi makofi, na jina lake katika programu huandikwa mwisho, chini ya walioleta keki. Nerida hakulalamika. Alijua kwa moyo kila tamthilia tuliyoigiza tangu alipojifungua mtoto wake wa pili: sehemu za wanaume, za wanawake, za majaji na za matarishi. Kama siku moja waigizaji wote wangeugua tumbo kwa pamoja, angeingia jukwaani akaimaliza kazi peke yake. Alikuja kukiri baadaye kwamba kila mwaka, wakati wa mapumziko, aliitazama saladi ya mayai kwa matumaini fulani.

Siku za kazi alikuwa mtu wa mizani. Ngano yote ya wilaya hupita kwenye mizani ya maghala, ikiingia wakati wa mavuno na ikitoka kwenda bandarini miezi iliyobaki, na anayekaa kwenye kile kibanda cha bati ndiye anayepima lori, anachota sampuli, na kumwambia dereva aende ghala gani. Kati ya lori na lori kuna nafasi. Wengine huijaza kwa mafumbo ya gazetini. Nerida aliijaza kwa fidla.

Fidla yenyewe aliiokota kwenye duka la mitumba la kanisa, alikokwenda kutafuta chupa ya chai. Ilikuwa ndani ya kasha lake jeusi, pamoja na upinde, kipande cha ulimbo wa kupaka upinde kilichogeuka jiwe, na vitabu vitatu vya mazoezi. Mchwa walikuwa wamekula majalada na kurasa za mwanzo za vyote vitatu, kwa mpangilio mzuri, kama waliotumwa. Kilichobaki kilianza moja kwa moja na zoezi la kwanza. Mwalimu wa fidla aliye karibu zaidi yuko kilomita mia mbili na thelathini, na Nerida hakuwa mtu wa kusafiri kilomita mia mbili na thelathini kwenda kuaibika, hali angeweza kuaibika papo hapo kibandani. Basi akafungua ukurasa, akaweka fidla kidevuni, na akaanza.

Madereva walikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu ya redio koli.

"Mizani, hapa lori kumi na mbili." Huyo alikuwa Lindsay Crouch, mtu anayeendesha lori tangu akiwa na nywele. "Kuna kitu kimebanwa na mlango hapo kwako?"

"Hapa mizani. Hilo ni zoezi la tisa."

"Pole. Linaumwa wapi?"

"Panda mizani, Lindsay."

"Napanda. Ila kama yuko hai, mtoeni kwanza."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Tatizo halikuwa sauti. Sauti ilinyooka kadiri siku zilivyokwenda, na hata Lindsay aliacha kuulizia majeruhi. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kutambua Nerida anapiga nini. Kulikuwa na noti ndefu, kisha kimya, kisha noti ndefu nyingine chini zaidi, kisha kimya cha kuhesabu hadi kumi na mbili, kisha noti tatu fupi zinazofanana, halafu basi. Nerida alidhani ndivyo muziki wa wanaoanza ulivyo, kama uji wa mgonjwa: hauna ladha kwa makusudi. Alivumilia. Alihesabu kila kimya kwa uaminifu. Juu ya karibu kila zoezi palichapwa maneno mawili, Sikiliza, fuata, na alijiuliza sana amfuate nani. Mwishowe akaamua kwamba kitabu kilimaanisha dhamiri.

Mumewe, Garth, alipoulizwa na watu mkewe anaendeleaje na fidla, alijibu: "Anasubiri vizuri sana."

Msimu wa tamthilia kwetu ni Septemba. Ngano imefika kiunoni na bado ni ya kijani, na mkulima hana la kufanya ila kutazama mawingu na kumgombeza mbwa. Ndipo Burdinup yote hupatwa na homa. Watu wasiosemeshana kwa sababu ya uzio uliohamishwa mwaka wa sabini na sita hukutana kupaka rangi ukuta wa mbao. Bucha anajifunza kulia. Duka la vifaa linaishiwa misumari. Tunaigiza mara moja tu, Jumamosi saa nane mchana, kwa kuwa jioni barabara ni za kangaruu, na tangu kundi la waigizaji wetu lipunguzwe na kangaruu mmoja mwaka fulani, tumewaachia saa zao.

Kuna kanuni moja ya ukumbi isiyovunjwa: hakuna sauti ya kurekodiwa. Zamani ilikuwepo. Lakini katika tamthilia fulani ya huzuni kanda ya kinanda cha mazishi iliwekwa kwenye mashine, na ikagundulika kwamba mtu nyumbani kwake alikuwa amerekodi juu yake mbio za farasi. Marehemu alikata roho wakati farasi namba saba akiingia mstari wa mwisho. Ukumbi mzima ulisimama kushangilia, na marehemu mwenyewe, ambaye alikuwa ameweka pesa kwenye namba saba, aliinua ngumi. Tangu hapo kila sauti tunaitengeneza kwa mikono. Mvua ni ngano inayomwagwa juu ya bati. Radi ni Lindsay Crouch na bati jingine.

Ndiyo maana mwaka ule, Glenys Trewin alipoichagua *Mgeni wa Treni ya Jumatano*, alijifunga kamba mwenyewe. Glenys ni mfamasia wetu na mwongozaji wetu, mwanamke anayetoa maelekezo ya jukwaani kwa sauti ileile anayokuambia umeze vidonge viwili baada ya chakula. Katika tendo la tatu la tamthilia hiyo, mjane anayeitwa Agathe, mwenye nyumba ya wageni kando ya reli, anachukua fidla ya baba yake na kupiga walsi, ile dansi ya moja-mbili-tatu. Nje ya mlango yuko kaka yake aliyepotea miaka thelathini. Anausikia wimbo, anafungua mlango na kusema: "Huo wimbo naujua. Baba alikuwa akiupiga siku za mvua." Watu wanalia, pazia linafungwa, keki zinaliwa.

Sehemu kubwa za kike kwa miaka ishirini zilikuwa za Coralie Trewin, wifi yake Glenys. Hakuna aliyewahi kuamua hivyo. Ilikuwa tu kama mvua kutokea magharibi. Lakini Coralie hapigi fidla. Ndani ya kilomita tisini kulikuwa na fidla moja tu, na ilikuwa kwenye kibanda cha mizani.

Glenys alikwenda mwenyewe, akaegesha gari juu ya mizani kwa bahati mbaya, na akasomewa uzito wake na wa gari kwa jumla.

"Nerida. Hivyo vitabu vyako. Vina walsi yoyote?"

"Kuna moja. Namba thelathini na nne."

"Unaiweza?"

"Naiweza huku nimefumba macho."

"Usifumbe. Agathe hafumbi macho." Glenys akavuta pumzi, kama mtu anayeng'oa plasta. "Basi sehemu ni yako. Coralie atakaa kwenye kiti chako cha kukumbushia."

Nerida alisema "Sawa, Glenys," akaandika risiti ya lori lililofuata, akaikosea, akaiandika tena, akaikosea tena. Lindsay alipomwuliza kuna nini, alitoka kibandani na kumkumbatia, jambo ambalo Lindsay alilisimulia kwenye redio koli kwa wiki mbili nzima.

Agosti yote alifanya mazoezi. Alizungumza maneno ya Agathe kama aliyezaliwa nayo, na walsi aliipiga bila kukosea noti hata moja. Glenys, ambaye hana sikio la muziki, alisema ni "ya huzuni, inafaa." Waigizaji wengine walitazamana. Bucha alisema pengine ni muziki wa kisasa. Kutoka kwenye kiti cha kukumbushia Coralie alisema kwa upole: "Ni nzuri, Nerida, mpenzi. Inaanza lini?"

Aliyekosekana alikuwa Perce Ohlsen. Perce ana miaka sabini na tisa na ameigiza wazee wote wa Burdinup tangu akiwa na arobaini. Kaka aliyepotea alikuwa wake bila mjadala. Lakini Agosti alikuwa katika mji wa Esperance kwa binti yake, akipona nyonga, na maneno yake alijifunza hukohuko kwa kumsomea mjukuu aliyelala. Alirudi Jumanne. Onyesho lilikuwa Jumamosi.

Jumanne hiyo mchana tulifanya tendo la tatu. Nerida alisimama katikati ya jukwaa, akachukua fidla ukutani, akapiga namba thelathini na nne mwanzo hadi mwisho, pamoja na vimya vyote. Mlango ukafunguka. Perce aliingia na fimbo yake, akafungua mdomo, akasema:

"Huo wimbo nau..." Akasimama. Akamtazama Nerida, akaitazama fidla, akamgeukia Glenys. "Hapana. Hebu subirini. Wimbo uko wapi?"

"Huo ndio wimbo, Perce," Glenys alisema. "Endelea."

"Huo si wimbo. Huo ni upande wa mwalimu."

Aliyekuwa akimwaga mvua juu ya bati aliacha, na mvua ikakatika ghafla.

"Upande wa nani?" Nerida aliuliza.

"Wa mwalimu, bibie. Nilisoma kwa masista mimi; hicho kitabu nilikibeba miaka miwili. Vilikuwa viwili viwili. Kitabu cha mwanafunzi kina wimbo. Kitabu cha mwalimu kina hayo mambo ya chini, vuum, kimya, vuum, ya kumshikilia mtoto asianguke. Sisi kumi na wawili tulikuwa tunapiga juu, Sista yuko chini peke yake anatuvumilia." Alimtazama kwa heshima ya kweli. "Umejifunza vyote hivyo? Vitabu vyote vitatu?"

"Vyote vitatu," Nerida alisema.

"Basi wewe ni mwalimu kamili. Umekosa mwanafunzi tu."

Nadhani mtu mwingine angelia. Nerida aliketi kwenye sofa ya Agathe na kuhesabu kwa vidole, na tulielewa baadaye kwamba alikuwa akihesabu vimya. Miaka mitatu ya kusubiri kwa uaminifu, na katika kila kimya kulikuwa na mtu aliyepaswa kuwa anapiga kitu.

Glenys alitoa saa yake. "Kuna kinanda pale pembeni," alisema, bila kumtazama mtu. "Coralie anakipiga, na maneno anayajua."

"Gauni nalo linanienea," Coralie alisema, na kwa haki yake, alisema kwa sauti ndogo.

"Nipe hadi Ijumaa," Nerida alisema.

"Nerida..."

"Glenys. Nimewakumbusha miaka kumi na tisa. Nimemkumbusha bucha jina la mke wake mwenyewe, jukwaani, mara mbili. Nipe hadi Ijumaa saa kumi. Nikishindwa, mwambieni Coralie apige kinanda, na mimi nitarudi kwenye kiti na hamtanisikia tena nikiomba kitu."

Glenys aliirudisha saa mfukoni. "Ijumaa saa kumi. Si na dakika moja."

Kitabu cha mwanafunzi hakikupatikana. Duka la mitumba lilipinduliwa sanduku kwa sanduku. Masista walikwishaondoka miaka mingi, na shule yao sasa ni mahali pa kuuzia matrekta. Kilichokuwepo ni kichwa cha Perce, na tatizo la kichwa cha Perce ni kwamba hakijui majina ya noti, na sauti yake ya kuimba ni ya mtu anayesukuma kabati. Aliweza jambo moja tu: kupiga mluzi. Na mluzi, kwa sababu anazozijua daktari wa meno, aliuweza tu akiwa ametoa meno ya bandia.

Basi Jumatano asubuhi Perce aliketi kwenye kibanda cha mizani, meno yake ndani ya bakuli la sampuli, akapiga mluzi. Nerida alisikiliza sehemu ndogo, akaitafuta kwenye nyuzi, akaipoteza, akaiomba tena. Vidole vyake vilikuwa na akili yao. Kila wimbo ulipofika mahali pa kupanda juu, vilishuka chini nyumbani, kwenye vuum, kama farasi anayejua zizi lake.

"Juu, bibie! Juu! Usiwe mwalimu!"

"Siwezi kuacha kuwa mwalimu kwa siku tatu, Perce!"

"Masista waliniachisha uvivu kwa siku mbili!"

"Na ukarudi!"

"Nikarudi, ndiyo, lakini waliniachisha!"

Lindsay alipanda mizani. Kitufe cha redio koli kilikuwa kimebanwa na kiwiko cha Perce, na hakuna aliyejua, hivyo kila lori kati ya Burdinup na bandari lilikuwa likisikia. Hewani ikaja sauti ya Lindsay, ya chini kuliko kawaida.

"Mizani, hapa kumi na mbili. Hicho ni nini?"

"Ni thelathini na nne," Nerida alisema.

"Si kweli. Thelathini na nne naijua mimi, nimeisikia miaka mitatu. Haina kitu."

"Sasa ina kitu."

"Rudia," Lindsay alisema. Kisha dereva wa lori la tisa, ambaye hakuna aliyemwuliza: "Ndiyo, rudia." Na wa lori la ishirini na mbili: "Anzieni pale kwenye kupanda."

Ilipofika Alhamisi mchana mji mzima ulikuwa umeambukizwa. Bucha alikata mbavu kwa moja-mbili-tatu. Kwenye foleni ya duka la dawa watu wawili waliosusiana tangu ule uzio walijikuta wakiuimba puani kwa pamoja, wakatazamana kwa hofu, wakanyamaza, kisha mmoja akaendelea. Glenys alikuwa nyuma ya kaunta akihesabu vidonge. Alipoteza hesabu mara tatu na akasema ni joto. Garth, mume wa Nerida, alionekana amesimama uani na ndoo mkononi, akisikiliza upande wa maghala, na mbwa hakugombezwa.

Hata sampuli ziliathirika. Alhamisi hiyo Nerida alipeleka bakuli kwenye mashine ya kupima unyevu na mashine ikakataa kabisa. Ndani yake, katikati ya ngano safi ya daraja la kwanza, kulikuwa na meno.

Ijumaa saa kumi kasoro dakika nne Nerida alisimama mbele ya Glenys katika ukumbi mtupu. Alipiga namba thelathini na nne, upande wa juu, bila kitabu. Alitetemeka katika mapando yote mawili, pale wimbo unapopanda juu, na hakuanguka. Alipomaliza, Glenys alitazama saa yake.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo," alisema.

"Hiyo ndiyo."

"Sawa." Akasimama. "Mvua jana ilikuwa nzito mno. Mwambie apunguze ngano." Akatoka. Nerida alituapia kwamba alimsikia akipiga mluzi kwenye ngazi, lakini wengine wetu hatuko tayari kwenda mbali kiasi hicho.

Jumamosi saa saba na nusu viti vilikwisha. Watu walileta vya kwao kutoka kwenye magari. Safu ya nyuma ilikaa juu ya magunia. Madereva walikuja saba, wamenyoa. Coralie aliketi kwenye kiti cha kukumbushia na daftari mapajani, na lazima niseme alikuwa amepangilia penseli zake vizuri. Tendo la kwanza lilipita. Tendo la pili bucha alilia kwa machozi yake mwenyewe na akapigiwa makofi. Wakati wa mapumziko Nerida aliipita saladi ya mayai bila kuitazama.

Tendo la tatu. Mvua ilianza, nyepesi, kama ilivyoagizwa. Agathe alifunga kitabu cha wageni, akaenda ukutani, akaishusha fidla ya baba yake. Safu ya madereva iliinama mbele yote kwa pamoja. Kila mtu ukumbini aliujua wimbo na alijua kwamba Nerida ameujua kwa siku nne tu. Nilimwona Glenys upande wa taa ameshika kamba ya pazia kwa mikono miwili.

Alianza. Moja-mbili-tatu, juu, pando la kwanza, akalivuka, na mtu kwenye magunia akasema "Ndiyo!" akanyamazishwa. Nusu ya kwanza ilikwisha safi. Nusu ya pili inaanza chini na kupanda taratibu, na hapo, kwenye pando la pili, mbele ya watu mia tatu na hamsini, vidole vya Nerida vilishuka nyumbani.

Vuum. Kimya. Vuum.

Sisi sote tulisikia. Wimbo ulizimika kama taa iliyokatika, ikabaki ile sauti ya chini tupu. Coralie aliweka mkono mdomoni. Uso wa Nerida ulikuwa mweupe, na nilijua anajua, lakini upinde haukusimama. Alichofanya, alituambia baadaye, ni kufanya yale maneno mawili yaliyokuwa juu ya ukurasa. Alishikilia kimya chake, akahesabu, akasikiliza.

Nyuma ya mlango Perce hakutakiwa kuingia mpaka noti ya mwisho. Alisimama na fimbo yake kwenye giza la vikapu vya nguo, na alisikia upande wa chini ukitembea peke yake, kama Sista alivyowasubiri zamani. Alitoa meno, akayatia kwenye mfuko wa kizibao, na akapiga mluzi.

Wimbo ulirudi kutoka nje ya nyumba ya wageni. Ulikuja juu ya fidla, haukuigusa, ukakaa pale palipokuwa pameachwa wazi miaka mitatu, katika kila kimya, barabara kabisa, kama mlango kwenye fremu yake. Nerida aligeuza kichwa. Hakuwa anaigiza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia alichokuwa anakipiga. Akaacha kupigana na vidole, akaviachia vishuke vinavyotaka, na akamfuata mzee. Mzee alipoharakisha naye akaharakisha, mzee alipovuta pumzi yeye akahesabu. Mlango ulifunguka mapema, jambo lisilo kwenye daftari, na kaka aliyepotea aliingia akipiga mluzi katikati ya mvua, na wakaimaliza walsi wakitazamana, mzee juu na Nerida chini.

Kisha pakawa kimya ambacho hakikuandikwa popote.

Perce alipaswa kusema maneno yake. Alisimama mdomo wazi, machozi yanafuata mikunjo ya mashavu, na hakuna kilichotoka. Maneno yalikuwa yamekwenda. Kule pembeni Coralie, macho yamejaa maji, alifunua kurasa tatu kwa mkupuo na kunong'ona kwa nguvu zote: "Chai iko mezani!"

Perce alitazama meza.

Nerida aliigeuzia hadhira mgongo kidogo, fidla bado iko kidevuni. Midomo yake haikutikisika. Miaka kumi na tisa ya kazi ilitoka kwa sauti ambayo haikuvuka sentimita moja zaidi ya sikio lililoihitaji, na mimi niliijua tu kwa sababu nilizoea kuisubiri.

"Huo wimbo naujua," alinong'ona.

"Huo wimbo naujua," alisema Perce, bila meno, kwa sauti ya mtu mzima aliyepotea miaka thelathini. "Baba alikuwa akiupiga siku za mvua."

"Basi keti," alisema Agathe.

Glenys alisahau kuvuta pazia. Ilibidi Lindsay Crouch aache bati la radi akavute mwenyewe, na bati likaanguka, na radi hiyo ikawa kubwa kuliko zote za msimu, lakini hakuna aliyeisikia kwa makofi. Madereva walisimama juu ya viti. Mtu fulani alipiga honi nje mpaka betri ikalalamika. Wale wawili wa uzio walikumbatiana, wakaachana haraka, wakaenda kula keki kwenye meza tofauti.

Jikoni, Glenys alimkuta Nerida akimsaidia Perce kutafuta meno, ambayo yalikuwa mfuko wa kushoto na wao walikuwa wanatafuta wa kulia. Alitoa kidaftari chake cha mwaka ujao na kalamu.

"Coralie anasema amekipenda kile kiti," alisema. "Anasema mtu anaona mengi akiwa pale. Nimwandike?"

"Mwandike," Nerida alisema. "Ila mpe miwani."

Glenys akaandika, akapiga mstari, akaondoka kwenda kusimamia vikombe. Perce alirudisha meno mahali pake, akayapima kwa kugongesha mara mbili.

"Uliteleza," alimwambia.

"Niliteleza. Mzee, thelathini na tano unaijua?"

"Naijua. Niliacha shule tukiwa thelathini na sita."

"Basi tuna mbili," Nerida alisema, na akaenda kuitafuta fidla kabla mtu hajaiwekea sahani juu.

Jumatatu saa mbili asubuhi lori la kwanza lilipanda mizani. Kitufe kilikuwa kimebanwa tena, safari hii kwa makusudi.

"Mizani, hapa kumi na mbili. Mbona leo mko wawili?"

"Hapa mizani. Zoezi la thelathini na tano," alisema Nerida. "Zima injini, Lindsay. Tunaanza."